Rangi Hutudanganya, Tuchoreni Mistari

Hebu itazameni ile grafu ya michezo kwenye ubao wa matangazo. Katika kompyuta, nguzo za mabweni manne zilikuwa nyekundu, kijani, buluu na rangi ya machungwa, zikapendeza kweli kweli. Ilipotolewa fotokopi, zote zikawa kijivu. Basi bweni lipi lilishinda? Kila bweni ladai ni lenyewe!

Wengine wailaumu mashine. Mimi naona kosa ni kutegemea rangi peke yake. Fotokopi ya wino mweusi hujua weupe na weusi tu. Nyekundu na kijani zikilingana uzito, kwake ni mamoja. Tena wapo wenzetu, hasa wavulana, waliozaliwa wasiweze kuzitenganisha rangi hizo mbili hata karatasi ing'ae vipi. Hao nao wasome nini?

Dawa ipo, tena ya bure. Matplotlib, programu ya kuchorea grafu iliyoanzishwa na Mmarekani John Hunter na kutolewa mwaka 2003, ina agizo liitwalo hatch. Ukiliandikia / nguzo hujaa mistari ya mshazari; x huleta misalaba, o vijiduara. Rudia alama, tuseme ///, na mistari itasongamana. Nguzo iachwe nyeupe na ukingo uwe mweusi, kwani mistari hufuata rangi ya ukingo. Ikiwa myembamba mno, inenepeshe kwa hatch.linewidth.

Lakini jamani, tusipitilize! Nimeona grafu yenye nyota, misalaba na vijiduara pamoja, utadhani ni kitenge. Kwa maoni yangu, vitu vya aina mbalimbali, kama mabweni, vipewe michoro mbalimbali, isizidi minne. Kitu kimoja kinachoongezeka, kama mvua, kipewe mchoro uleule unaozidi kusongamana. Si ndivyo tunavyotia vivuli ramani katika Jiografia? Penye watu wengi, mistari hukaribiana.

Najua wapo watakaosema huo ni ushamba, rangi ndiyo maendeleo. Haya, lakini jarida hili letu huchapwa kwa wino mweusi. Nawaomba wahariri wasipokee grafu yoyote mwakani mpaka mwenyewe aitoe fotokopi kwanza, kisha aisome mbele yao.