Nafasi ya Mlangoni Si ya Gari la Maua



Leo tuache kidogo vitambaa na mishono. Nataka tuzungumze juu ya ile nafasi ya gari iliyo karibu kabisa na mlango wa ukumbi. Kwenye harusi zetu anaipata nani? Gari la bibi harusi, limepambwa maua na riboni, linakaa hapo tangu baada ya Isha mpaka ukumbi unafungwa. Pembeni yake gari la mpiga picha, kisha la wenye muziki. Halafu inakuja gari iliyomchukua bibi aliyepigwa na kiharusi, au dada anayetumia kiti cha magurudumu, mlinzi anapunga mkono: nendeni mbele, hapa pamejaa.

Nasema wazi: hiyo ni dhulma, na wanaoipanga ni sisi wenyewe wanawake, maana shughuli ni zetu.

Kwa mwenye miguu mizima, mita hamsini si kitu. Kwa asiyeweza kutembea, kwenye mchanga na ngazi, maana yake ni kubebwa. Na anabebwa na nani? Dereva, mlinzi, vijana waliosimama nje; wanaume wasiokuwa maharimu wake. Buibui linapanda, mtandio unaanguka, na watu wanatazama. Mimi ni fundi cherehani, na wateja wangu wenye ulemavu nawajua kwa maagizo yao: nguo iwe ndefu zaidi, mtandio utiwe vifungo usiteleze. Mwanamke huyu ametoa pesa zake ili ajisitiri, sisi tunaivunja stara yake kwa ajili ya gari la maua. Stara tunayoihubiri kila siku iko wapi hapo?

Wengine husema, "Si ashushwe tu mlangoni, gari iondoke?" Mara nyingi anayeendesha ndiye huyohuyo anayemhudumia: mume, kaka au mtoto wake. Akienda kutafuta pa kupaki, nani anabaki naye? Tena kushuka kwenyewe kunataka upana. Mlango ufunguliwe wote, kiti kisogezwe ubavuni, na msaidizi apate pa kusimama. Uingereza nafasi hizi hupimwa mita 2.4 za gari, na ubavuni huongezwa mita 1.2 za kushukia. Kuchora alama ya kiti kwenye nafasi ya kawaida ni kama kumkatia mtu gauni bila ya kumpima.

Wengine husema, "Mbona hao hawana magari?" Ndiyo hoja yenyewe! Wengi wao huja kwa gari ya jamaa, teksi au bajaji, kwa hiyo haki lazima imfuate mtu, isifuate gari. Huko huko Uingereza, kadi ya Blue Badge hupewa mwenye ulemavu mwenyewe, akaitumia kwenye gari yoyote aliyopanda, awe dereva au abiria. Jamaa akiitumia kwa shughuli zake bila ya mwenyewe kuwemo safarini, ni kosa, na faini hufika pauni 1,000.

Na wale wa "Mji Mkongwe hauna nafasi"? Kweli, vichochoro vyetu gari haiingii. Kwa sababu hiyo hiyo, zile sehemu chache gari inapoweza kusimama, kama Darajani na Forodhani, ndizo zinazohitaji nafasi maalumu zenye usimamizi. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu 2006, na 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Ibara yake ya 9 inataka majengo, barabara na usafiri vifikike. Maneno tunayo, kilichobaki ni rangi chini na mtu wa kusimamia.

Dini yetu nayo haikutuachia udhuru. Aya za mwanzo za Surat Abasa ziliteremka kwa sababu ya Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu aliyemjia Mtume (s.a.w.) wakati akizungumza na wakubwa wa Makureshi. Sisi leo wakubwa wetu ni maua na kamera?

Basi bibi harusi, kabla hujatoa arubuni ya ukumbi, sharti nafasi mbili pana karibu na mlango usio na ngazi. Mwambie mlinzi kwa mdomo wako ni za nani. Gari lako likishakushusha, liondoke. Picha zitapigwa tu. Na wenye kumbi, tukikukuteni hamna nafasi hizo, tutapeleka pesa zetu kwengine.

Allah atujaalie shughuli zetu ziwe za heri na zisiwe za kumdhalilisha mtu. Amin.