Idhini ya Kujenga Ukingoni mwa Tana Isikilizwe Wakati wa Jilaal

Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, unapopita Garissa hubeba peke yake kazi ambayo kwingineko hugawanywa baina ya vijito, chemchemi na mvua. Na kwa sababu hiyo kila shauri la kujenga ukingoni mwake, hata likiwa la vijumba vichache vya mapumziko na baraza ya kutazamia machweo, huwagusa watu ambao pengine siku ombi linapoandikwa wako mbali na mto kwa mwendo wa siku kadhaa. Si ajabu mwenye mtaji akivutiwa na mahali hapo. Wako twiga wa Bour-Algi karibu na mji, wako hirola wa Ishaqbini, wanyama adimu ambao wenyeji wenyewe wamejitwika jukumu la kuwalinda, na uko mto na miti yake mirefu katikati ya nchi kavu. Mimi ni miongoni mwa wanaotaka wageni waje, kwani nchi hii imetajwa mno kwa ukame na khofu, na vijana wetu wanahitaji kazi. Lakini idhini ya kujenga nyumba hizo isitolewe kwa kusoma ramani ofisini na kungojea siku zipite.

Ukingo wa Tana haukuwa hata siku moja ardhi isiyo na mwenyewe. Umekatwa kwa njia ambazo wafugaji wa Kisomali na wa Kiorma huziita malka, ambamo ngamia, ng'ombe na mbuzi hupita baina ya mashamba mpaka majini, na kila malka ina wazee wanaoijua na mapatano na wakulima jirani, ambayo aghalabu hayakuandikwa popote. Malka ikizibwa, mifugo haina budi kupita shambani mwa mtu, na hapo ugomvi huzaliwa. Mauaji tuliyoyaona katika delta ya Tana mwaka 2012, watu zaidi ya mia moja walipopoteza roho zao, yalikuwa na mizizi mingi, siasa ikiwamo, lakini mashindano ya maji na malisho yalikuwa katika mizizi hiyo. Ua la seng'enge la hoteli humzuia ng'ombe mwenye kiu sawasawa na ua la shamba. Tena mwenye hoteli hana ule ujirani wa vizazi alio nao mkulima Mpokomo na mfugaji, wa kuwawezesha kukaa chini ya mti wakapatana.

Sasa tuyatazame majira. Mvua za gu na za deyr zinaponyesha, mabwawa ya huko bara hujaa, na wafugaji huuacha mto wakafuata malisho. Ukingo hubaki kimya, majani yakaota juu ya njia za mifugo, na afisa wa mipango atakayekwenda kuukagua wakati huo ataandika, kwa ukweli wa nafsi yake, kwamba hapana anayepatumia. Kisha huingia jilaal, baina ya Januari na Machi, mabwawa yakakauka, na mahali pale pale pakajaa mifugo tangu alfajiri hata magharibi.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamkataza mtu kujenga bila idhini ya kaunti, na hilo ni jema. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, idhini itahesabiwa kuwa imetolewa. Huenda hukumu hiyo inamfaa mkazi wa Nairobi anayechoshwa na ofisi zembe, ilhali kwa Garissa siku 60 zaweza kuanza na kwisha mfugaji akiwa bado yuko malishoni, haki yake ikapotea pasipo mtu yeyote kutamka neno. Ipo kinga katika Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, ambayo inataka mapatano ya uwekezaji yaridhiwe na thuluthi mbili za watu wazima wa jamii katika mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo, na ardhi isiyosajiliwa inaiweka amana mikononi mwa kaunti. Lakini thuluthi mbili za nani, ikiwa jamii haijasajiliwa na daftari la watu wake halipo?

Wanazuoni wa fiqhi, ambao hukumu zao si ngeni kwa watu wa Garissa, walikwisha kuliona jambo hili zamani: kisima na mto waliviwekea harimu, eneo la pembeni ambalo mtu hana ruhusa kulimiliki akawazuia wengine maji. Kanuni zetu za maji nazo zimeweka hifadhi ya ukingo, baina ya mita 6 na 30. Kwa mto unaopita bondeni penye miinuko huenda zikatosha. Tana ya Garissa hupita katika uwanda, nayo mabwawa ya juu, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yanapofurika, maji hutambaa mbali kupita kipimo hicho. Aprili 2024 barabara ya Nairobi ilikatika, na mashua iliyokuwa ikivusha watu upande wa Madogo ikapinduka, watu wakafa. Waliojenga hoteli Kampi ya Samaki, kando ya Ziwa Baringo, nao walikuwa na hati zao, na mwaka 2020 ziwa lilikuwa limepanda likayaingia majengo.

Kwa hiyo naiomba kaunti, kabla ya ombi lolote la nyumba za wageni kukubaliwa, ipime malka zote pamoja na wazee na kuziandika katika mpango wake wa ardhi wa miaka kumi, zilindwe kama zinavyolindwa barabara. Kila ombi la ukingoni lijibiwe kwa maandishi kabla ya siku 60, na jibu liwe kukataa mpaka jilaal iingie, ombi lirejeshwe na mkutano uitishwe pale pale mtoni mbele ya wanaonywesha mifugo. Nyumba zenyewe ziwe mahema na vibanda vinavyohamishika, juu ya alama ya gharika kubwa inayokumbukwa na wenyeji, bila ua kuelekea majini. Na kwa kuwa mpaka wa Garissa na Tana River ungali na mzozo, na mifugo hunywa kutoka pande zote mbili, afisa wa Garissa asitie sahihi peke yake. Waraka upelekwe Hola, makao ya kaunti ya Tana River, nako ukasomwe.