"Mizani Imerekebishwa": Neno Moja na Kilo za Mkulima wa Meru na Embu

Tumelumbana vya kutosha kuhusu tarakilishi na kompyuta. Kwa miaka mingi kurasa za majarida yetu, na hata za magazeti, zilibeba hoja za wanaoshikilia neno moja na kejeli za wanaoshikilia jingine, na aliyetaka tu kuitumia mashine hiyo akaitumia bila kutungoja. Sisemi kwamba mjadala huo haukuwa na faida. Ninalosema ni kwamba tulipokuwa tukipigania jina la mashine iliyo mezani pa mhadhiri, mashine nyingine iliingia mashambani kimyakimya. Ilitundikwa katika vibanda vya kununulia majani chai, kuanzia miteremko ya Nyambene huko Meru hadi Manyatta na Runyenjes kule Embu, na maneno yanayotumiwa kuieleza hatujayachunguza. Mashine hiyo ni mizani ya kielektroniki.

Tuchukue mfano. Nyanya amechuma tangu alfajiri. Jioni anafika kituoni, karani anautundika mfuko wake, nambari zinawaka.

"Nyanya, ni kilo kumi na nne na nusu."

"Mwanangu, jana mfuko huu huu, umejaa hivi hivi, ulikuwa kumi na sita."

"Nyanya, mizani ilirekebishwa leo asubuhi."

Karani amelitumia neno hilo kwa nia njema. Anataka kusema kwamba mizani sasa ni ya kuaminika kuliko jana. Nyanya amesikia jambo jingine kabisa: kwamba kuna mtu aliyeingiza mkono ndani ya mizani na kuibadilisha. Na tukiwa wakweli, kwa Kiswahili cha kawaida nyanya ndiye aliyeelewa sawasawa. Kurekebisha ni kukibadili kitu. Anayetaka kujua kama kitu ni sahihi hajakirekebisha bado.

Maoni yangu ni kwamba ugomvi mwingi unaozuka vibandani una mizizi katika lugha kabla ya kuwa na mizizi katika wizi, na kwamba sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna deni hapo. Ili nisituhumiwe kutetea nisichokijua, itanibidi kwanza nieleze mizani hiyo inavyofanya kazi, na nifanye hivyo kwa Kiswahili, kwa sababu wapo bado wanaoshikilia kwamba mambo kama haya hayaelezeki kwa lugha yetu.

Ndani ya mizani hii hamna springi ya kuvutika kama ile ya mizani ya zamani yenye uso wa saa. Mna kipande cha alumini au chuma ambacho mafundi hukiita lodiseli. Mfuko ukitundikwa, kipande hicho hunyumbuka kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Juu yake zimegandishwa kanda nne nyembamba za metali, kila ukanda umepindwapindwa kwenda na kurudi juu ya utando usiofikia ukubwa wa ukucha. Hizo ndizo streni geji. Kanuni yake ni kongwe. Mwaka 1856 William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alionyesha kwamba waya ukivutwa, ukinzani wake kwa umeme hubadilika. Ilipita takriban miaka 80 kabla ya Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake huko Marekani, kugandisha waya wa aina hiyo juu ya chuma ili ueleze chuma kimenyumbuka kiasi gani.

Geji ya kawaida ya lodiseli ina ukinzani wa omu 350. Mzigo unapofikia upeo wa mizani, urefu wa geji hubadilika kwa takriban sehemu moja katika elfu, na ukinzani wake kwa mara mbili ya kiwango hicho, yaani omu 0.7 tu. Kuipima tofauti ndogo hivyo moja kwa moja ni shida, na ndiyo maana geji nne huunganishwa katika umbo la mraba. Mbili huwekwa mahali panapovutwa na mbili mahali panapobanwa. Betri hulisha pembe mbili zinazoelekeana, na kipimo husomwa kwenye pembe mbili zilizosalia. Joto likipanda, geji zote nne hupata joto hilo kwa pamoja na mabadiliko yake hufutana, jambo la manufaa makubwa mahali ambapo asubuhi ni ya baridi ya Mlima Kenya na mchana ni wa jua kali. Mpangilio huu huitwa Daraja la Wheatstone, ingawa aliyeubuni ni Samuel Hunter Christie mwaka 1833. Charles Wheatstone aliutangaza mwaka 1843, akamtaja Christie waziwazi, na bado jina likabaki lake. Kumbe haki katika istilahi ni haba hata kwa wengine.

Lodiseli ya namna hii hutoa takriban milivolti 2 kwa kila volti inayolishwa. Ikilishwa volti 5, basi mzigo kamili huleta milivolti 10. Ikiwa upeo wake ni kilo 50, gramu 10 za majani ni mikrovolti 2. Hebu msomaji azitafakari hizo mikrovolti 2. Kiungo kilicholehemiwa vibaya, au maji ya umande yaliyopenya kwenye waya, huweza kuleta kosa kubwa kuliko hapo bila karani wala mkulima kuwa na hatia yoyote. Kwa hiyo fundi mwangalifu haziamini rangi za nyaya, kwa kuwa watengenezaji hawafuati mpango mmoja. Hupima ukinzani kati ya kila jozi kabla ya kuunganisha. Akizikosea nyaya mbili za kipimo na kuzibadilisha nafasi, mzigo ukiongezeka nambari hushuka chini ya sufuri. Kosa hilo hujitangaza lenyewe, na yanayosumbua ni yale yasiyojitangaza. Waya ukiwa mrefu, sehemu ya volti hupotea njiani, na kiasi kinachopotea hubadilika kadiri waya unavyopata joto. Ndipo huongezwa nyaya mbili zaidi, zikawa sita, ambazo kazi yake ni kukipasha habari kifaa kwamba volti zilizofika kwenye daraja ni kadha wa kadha.

Kifaa hicho kinachopokea milivolti, kikazigeuza kuwa kilo na kuzihifadhi pamoja na nambari ya mkulima na saa, naweza kukiita kinasa data. Tuna kinasa sauti tayari, na sioni sababu ya kwenda mbali zaidi.

Lakini kinasa data hakijui kilo. Kinajua milivolti, na kilo lazima kifundishwe. Mizani ikiwa tupu, nambari husomwa na kuandikwa. Kisha huwekwa jiwe la mizani la kilo 10 ambalo uzito wake umethibitishwa, nambari ikaandikwa, halafu kilo 20, 30, 40, 50, na baada ya hapo mawe huondolewa moja baada ya jingine huku nambari zikiandikwa tena. Kushuka ni muhimu sawa na kupanda, kwa maana mizani isiyorudi pale ilipopitia ina kasoro katika gundi au katika chuma chenyewe. Nambari hizo zikichorwa hupatikana mstari ulionyooka, na kutokana na mstari huo hutolewa tarakimu mbili tu, yaani mahali unapoanzia na jinsi unavyopanda. Tarakimu hizo mbili ndizo zinazoamua mshahara wa nyanya.

Ipo njia ya mkato. Fundi huunganisha kwa muda kipingamizi cha omu 174,650 sambamba na geji moja, na kwa geji za kawaida mashine hudhani geji hiyo imebanwa kwa sehemu moja katika elfu. Njia hii huonyesha kwamba nyaya na kinasa data ni vizima. Haionyeshi kama geji imeganda vyema, kwa kuwa chuma hakijaguswa. Fundi anayeishia hapo na kuandika kwamba mizani imepimwa amesema zaidi ya alichokifanya.

Sasa turudi kwenye neno. Katika kazi niliyoieleza mna vitendo vitatu tofauti. Kwanza, fundi anaweka mawe na kutazama kama nambari zinakubaliana nayo. Hapa hajabadili chochote, na kitendo hicho napendekeza tukiite kulinganisha. Pili, akiona tofauti, hubadili zile tarakimu mbili ndani ya kinasa data. Huko ndiko kurekebisha. Tatu, afisa wa serikali wa mizani na vipimo, kwa mamlaka ya sheria ya Kenya, Sura ya 513, hukagua mizani ya biashara na kuipiga muhuri. Huko ni kuthibitisha. Vitatu hivi hufanywa na watu tofauti kwa wakati tofauti, na kila kimoja huacha maandishi ya aina yake. Kibandani vyote vinaitwa kurekebisha, na matokeo yake ni kwamba mkulima hana namna ya kuuliza swali linalomfaa. Angekuwa na maneno matatu, angemwuliza karani: "Ililinganishwa? Ilipolinganishwa ilionekana na tofauti gani? Aliyeirekebisha ni nani, na ilithibitishwa baada ya hapo?" Maswali hayo hayahitaji elimu ya chuo kikuu. Yanahitaji msamiati.

Hali kadhalika neno mkazo. Sisi wa isimu tunalijua kama shadda, ile nguvu inayoangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Fundi hulitumia kwa nguvu inayokishika chuma, na pia kwa namna chuma kinavyobadilika urefu, ilhali hayo ni mambo mawili: kamba nene na nyembamba zikitundikiwa mzigo mmoja hazivutiki sawa. La kwanza liachiwe mkazo, la pili liitwe mnyumbuko. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilikuwa kazi ya heshima, lakini kamusi iliyo rafuni haiwezi kujua ni neno gani limeota pembe kibandani.

Kuna watakaosema kwamba vipimo si uwanja wa Kiswahili. Hao wamesahau karafuu na pembe za ndovu zilizouzwa pwani kwa frasila, ratili 35 kwa kila frasila, pamoja na wakia, pishi na kibaba. Biashara hiyo ilikuwa na mabishano yake, na mabishano hayo yaliendeshwa kwa lugha iliyoyamudu.

Nitaje jambo moja zaidi ambalo hunishangaza kila nikipita kwenye barabara ya Meru kwenda Embu, kusini kidogo mwa mji wa Meru, pale inapokatizwa na mstari wa Ikweta. Mizani ya kale ya vikombe viwili hulinganisha jiwe na bidhaa, na mvuto wa dunia huvishika vyote viwili sawasawa. Mizani ya geji hupima nguvu peke yake. Mvuto huo ni hafifu zaidi karibu na Ikweta na hupungua tena unapopanda mlima. Mizani iliyowekwa sawa jijini London na kuletwa moja kwa moja kwenye mashamba ya chai ya Meru, bila kulinganishwa upya kwa mawe, ingempunja mkulima zaidi ya gramu 300 katika kila kilo 100, na hakuna binadamu hata mmoja ambaye angekuwa amemwibia. Kwa hiyo mkulima anayeuliza "Ililinganishwa wapi?" ameuliza swali la fizikia, hata kama karani ataliona kuwa ni ukorofi.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kila tarehe 7 Julai tunavaa fulana na kukariri mashairi, na mimi mwenyewe huwa mstari wa mbele. Mwaka ujao ningependa chama chetu kifanye kazi nyingine siku hiyo. Wenzetu walio katika vyuo vikuu vya Meru, Chuka na Embu wako karibu na vibanda hivyo, na katika vyuo hivyo hamkosi anayeijua mizani ndani na nje. Tuketi nao na makarani, pamoja na wakulima wawili watatu wasioona haya kubisha, tuandike karatasi moja ya kubandikwa ukutani. Iandikwe kwa Kiswahili, kisha kwa Kimeru na Kiembu, maana nyanya wa mfano wangu huenda asisome Kiswahili changu cha jarida. Iwe na tarehe mizani ilipolinganishwa, tofauti iliyoonekana kwa gramu, jina la cheo cha aliyeirekebisha kama ilirekebishwa, na tarehe ya muhuri. Chini yake, sakafuni, liwekwe jiwe la kilo 20 lenye muhuri, na yeyote anayetilia shaka aruhusiwe kulitundika mwenyewe kabla ya mfuko wake.