Babu Hayuko Kwenye Intaneti, Yuko Kwenye Seva

Nimepotea kidogo, lakini leo nimerudi na malalamiko, na mshtakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Nina seva ndogo nyumbani kwetu Msambweni. Si kitu cha kutisha: ni Raspberry Pi 4, diski ya nje ya 2 TB, na waya mmoja unaoingia kwenye routa. Humo mna katuni za watoto, filamu, kanda za harusi za ukoo nilizozigeuza kuwa faili, na saa kadhaa za sauti ya babu akisimulia habari za uvuvi, Gazi hadi Vanga. Babu alifariki mwaka jana. Sauti hizo hazipo mahali pengine popote isipokuwa hapo na kwenye diski ya akiba ninayoiweka kabatini.

Mwaka huu tulipaua nyumba upya, kwa hiyo seva ikakaa ndani ya boksi miezi mitano. Katikati ya shughuli hizo tukaingiza faiba, na routa ya zamani ikaondoka. Nilirudi nyumbani kwa hitima ya kutimiza mwaka. Jioni, wageni wamekula na wengi wameshaondoka, bibi akaniita.

"Mjukuu wangu, hebu niwekee sauti ya babu yako nimsikilize."

Nikatoa kisanduku kwenye boksi, nikachomeka waya, nikawasha runinga. Runinga ikaiona seva, jina lake likatokea, nami nikabonyeza. Ikaniandikia kwamba seva haiwezi kufikia intaneti, kwa hiyo akaunti yangu haiwezi kuthibitishwa. Nikajaribu tena. Hivyo hivyo. Wakati huo huo watoto wamekaa ukumbini na simu zao, intaneti inakwenda kama maji.

Nikamwambia, "Bibi, intaneti haishiki."

Akaniangalia. "Kwani babu yako yuko kwenye intaneti? Si ulinambia umemuweka kwenye hicho kisanduku?"

Sikuwa na jibu, na mimi ndiye ninayekula kwa kuandika programu! Faili ziko mita tatu kutoka mahali nilipokaa, ndani ya nyumba yetu, kwenye diski niliyoinunua mwenyewe. Lakini ili nizifungue, kisanduku kinataka kwanza kwenda ng'ambo kumuuliza mtu nisiyemjua kama mimi ni mimi. Jina la programu hiyo silitaji, kwa sababu haiko peke yake katika tabia hii, na kwa sababu mimi ndiye niliyeichagua.

Msimamo wangu ni huu: seva ya nyumbani inayokataa kufanya kazi kwa sababu intaneti haipo, hiyo si seva ya nyumbani. Ni tawi la seva ya mtu mwingine, na umeme unalipa wewe.

Kabla sijaendelea kulalamika, niwaeleze nilivyoitibu, maana naamini kuna wengi watakaokutana na ugonjwa huu. Kosa la wengi wetu ni kuanza kwa kuzima na kuwasha kila kitu, kisha kubadilisha mipangilio mitano kwa pamoja. Ukifanya hivyo hata ikipona hujui dawa ilikuwa ipi. Twende hatua kwa hatua, kutoka kwenye waya kwenda nje.

1. Waya. Sisi tunaokaa pwani tuna adui wa ziada, nayo ni chumvi. Hewa ya Diani au Msambweni hula shaba, na vipini vya plagi ya waya wa mtandao hugeuka kijani. Chomoa, tazama, futa, na kama plagi imekwisha weka nyingine. Yangu ilikuwa na kijani kidogo lakini taa ilikuwa inawaka, kwa hiyo nikapita.

2. Anwani. Kwenye seva andika ip addr. Ukiona namba inayoanza na 169.254, maana yake seva iliomba anwani kwa routa na haikujibiwa. Yangu ilionyesha 192.168.1.10, ile ile niliyoipa kwa mkono zamani. Sawa.

3. Lango. Andika ip route. Mstari unaoanza na default unakwambia seva hupitia wapi inapotaka kutoka nje ya nyumba. Yangu ilisema 192.168.1.1. Hapo nikajipiga kofi la paji la uso. Hiyo ni anwani ya routa ya zamani! Routa ya faiba inatumia 192.168.1.254. Simu za watoto huuliza anwani na lango kila zinapoingia kwenye wifi, kwa hiyo zilipewa lango jipya bila shida. Seva mimi niliishikilia kwa mkono, ikabaki inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Na runinga iliiona vizuri kwa sababu vifaa vya mtandao mmoja huzungumza moja kwa moja bila kupitia langoni. Nikarekebisha namba.

4. Namba na majina. Nikaandika ping 8.8.8.8, ikajibu. Nikafurahi mapema! Nikajaribu jina la tovuti badala ya namba, kimya. Kumbe njia ipo, lakini seva haiwezi kugeuza jina kuwa namba. Yaani DNS imekufa.

Hapa ndipo nilipopoteza saa nzima. Mimi na ujuaji wangu nilikuwa nimeweka kwenye seva hiyo hiyo programu ya kutafuta majina ambayo pia huhakiki sahihi za DNSSEC, ili asiwepo mtu wa kunidanganya njiani. Ni jambo zuri. Lakini kila sahihi ya DNSSEC ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Na Raspberry Pi 4 haina betri ya saa. Ikizimwa haijui muda unaopita. Ikiwashwa huanza kuhesabu karibu na pale ilipoachia, mpaka iipate saa sahihi kutoka kwenye intaneti. (Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, ina saa yake, lakini betri unainunua mwenyewe.)

Nikaandika date. Seva ilikuwa bado iko miezi mitano nyuma!

Tazameni mzunguko huo. Kila sahihi iliyoletwa ilionekana kama imetoka siku zijazo, kwa hiyo seva ikaikataa. Kwa kuwa imekataa sahihi, majina hayafunguki. Kwa kuwa majina hayafunguki, haiwezi kuipata seva ya saa, kwa maana nayo inaitwa kwa jina. Na kwa kuwa haina saa, inaendelea kukataa sahihi. Ni kama mtu aliyefungia ufunguo ndani ya sanduku ambalo hufunguliwa kwa ufunguo huo huo.

Dawa yake ni mstari mmoja: sudo date -s, kisha tarehe na saa ya sasa kwa mkono. Nikabonyeza, majina yakafunguka, saa ikajirekebisha yenyewe, na ile programu ikakubali kwamba mimi ni mimi. Ili isirudie, nimeiandikia seva ya saa kwa namba badala ya jina. Ukipenda, unaweza kununua kijisaa chenye betri ukakichomeka kwenye pini za Pi.

Ilikuwa saa nne na nusu usiku. Bibi alikuwa amelala zamani.

Sasa turudi kwenye malalamiko. Mtu anaweza kuniambia: kosa lilikuwa lako, lango na saa ni mambo yako, programu ina hatia gani? Kweli, makosa mawili yalikuwa yangu. Lakini hebu fikirini, makosa hayo yote yalihusu njia ya kutoka nje. Hakuna hata moja lililohusu njia kati ya seva na runinga, na hiyo ndiyo njia pekee bibi aliyoihitaji. Programu ndiyo iliyochukua tatizo la nje ikalileta ndani.

Tena nawaelewa wanaotengeneza programu za namna hii. Akaunti moja inayokaa kwao hurahisisha mambo: ukisahau neno la siri wanakurudishia, ukiwa safarini unaingia, na mgeni hawezi kuingia ovyo. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika programu ya dukani iliyotaka kuuliza seva ya mbali kila inapofunguliwa. Niliiandika nikiwa ofisini, penye intaneti isiyokatika, na sikujiuliza hata siku moja itakuwaje siku mtandao ukipotea. Wateja ndio waliojiuliza kwa niaba yangu. Kwa hiyo siwarushii mawe. Ninachosema ni kwamba kuuliza nje kuwe nyongeza, kusiwe sharti. Baadaye niligundua programu yangu ina mpangilio wa kuruhusu vifaa vya nyumbani bila kuuliza nje. Umefichwa ndani kabisa, na ili uufikie lazima kwanza uingie kwenye akaunti. Jamani!

Wapo watakaosema tatizo hili linaisha, kwa sababu faiba imefika Ukunda na inaendelea kusambaa. Tusijidanganye. Ni kweli tumetoka mbali. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setelaiti. Mwaka huo nyaya za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa, na EASSy ikafuata 2010. Lakini tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy ziliharibika pamoja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Waya uliokatika bahari ya mbali unaweza kukufungia sinema iliyo sebuleni kwako, kama programu yako ni ya aina ninayoilalamikia. Na hapo sijataja mnazi ulioangukia waya wa mtaani, wala umeme uliorudi na routa isirudi.

Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ruhusa ya kuazima nayo ni hivyo hivyo.

Asubuhi iliyofuata nikahamia Jellyfin. Ni programu huria iliyoanza Desemba 2018, baada ya Emby kuufunga msimbo wake na baadhi ya watu kuamua kuuendeleza ule uliobaki wazi. Akaunti na maneno ya siri hukaa kwenye seva yako mwenyewe. Sitawaambia ni tamu kila upande: nilitumia muda mrefu kupanga majina ya faili, na kwenye runinga yetu ya zamani haikuwepo programu yake tayari, ikabidi nitumie kivinjari. Kama hutaki hata hayo, Kodi husoma faili moja kwa moja kutoka kwenye diski.

Kuna jambo moja ambalo watu hulichanganya na hili. Dada yangu aliye Nairobi naye anataka kumsikia babu. Hiyo ni njia nyingine kabisa, ya kutoka nje kuja ndani, na ikikataa usihangaike na seva. Fungua ukurasa wa routa uangalie anwani ya upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma wako amekuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja. Safu hiyo ilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo, kwa sababu anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu na dunia imezimaliza. Hata ufungue milango yote ya routa, hakuna atakayekufikia. Mimi nimetumia Tailscale, inayojengwa juu ya WireGuard, na dada anaingia bila mimi kuiacha seva wazi kwa dunia nzima. Ndiyo, Tailscale nayo huuliza nje. Lakini ikikatika, anayekosa ni aliye Nairobi. Bibi hana habari.

Basi nawaombeni mfanye jaribio dogo. Leo jioni chomoeni waya wa faiba kwenye routa, wifi iachwe ikiwaka. Kisha zimeni seva, iwasheni, na jaribuni kufungua faili moja tu mnayoipenda. Mimi sasa hufanya hivyo kila mwisho wa mwezi. Ikifunguka, lala usingizi. Isipofunguka, ni heri umejua leo, siku ambayo hakuna aliyekaa kwenye mkeka akikusubiri.

Bibi alimsikiliza babu baada ya chai ya asubuhi. Alisikiliza kipande cha dakika ishirini, akacheka mahali ambapo mimi sikuona la kuchekesha, akaniambia nikirudishe nyuma. Waya wa faiba nilikuwa nimeuchomoa makusudi. Hakuuliza.