Lugha Yetu: Kihusishi na Mdaiwa

Hati moja ya mkopo yasema: "Hamisi na nduguye walikopa shilingi 40,000." Hati nyingine yasema: "Hamisi alikopa shilingi 40,000 pamoja na nduguye." Zatofautiana kidogo tu, lakini siku ya kudai, mwenye fedha atataka kujua kama wadaiwa ni wawili au ni mmoja.

Katika hati ya kwanza neno "na" ni kiunganishi. Limeyaunga majina mawili yakawa kiima kimoja, na ndiyo sababu kitenzi kimekuja kwa wingi: walikopa. Katika hati ya pili kitenzi chamfuata Hamisi peke yake, na "pamoja na" ni kihusishi. Pamoja na jina lifuatalo hufanya fungu lielezalo Hamisi alikuwa na nani. Basi karani mwangalifu hutazama kwanza mwanzo wa kitenzi, na akitaka ndugu wote wawili wadaiwe, huandika "walikopa" bila kusita.

Kihusishi hakisimami peke yake. Hutaka jina la kuegemea. Mathalani: kwa jembe, katika ghala, tangu Januari, hadi mavuno, kwa ajili ya watoto. Mtu akiandika "Alilima kwa" akakoma, kila msomaji atangoja. Lakini katika "Paka yuko juu," neno "juu" limejitosheleza, nalo ni kielezi. Likifuatwa na jina, "juu ya paa," ndipo fungu zima huwa la kihusishi.

Neno lisumbualo kuliko yote ni "kwa". Tazama stakabadhi hii: "Shilingi 40,000 zimelipwa kwa Hamisi, kwa mkono wa Juma, kwa ng'ombe mwekundu." La kwanza laonyesha mpokeaji, la pili njia, la tatu sababu ya malipo, wala hapana awezaye kukosea. Lakini mwingine huandika kwa ufupi, "Fedha zimepokewa kwa Hamisi." Je, Hamisi ndiye aliyezitoa, au zilipokewa nyumbani kwake tu? Neno moja zaidi lingalimaliza shauri: "kutoka kwa Hamisi."

Ama wale waandikao "katika shambani," hao hulipa deni moja mara mbili, kwani ile "-ni" imekwisha kufanya kazi ya "katika". Yatosha "shambani" au "katika shamba".