Kosa la Sufuria



Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa chai ya kuchemshwa, yenye maziwa, hiliki na sukari tele. Tabibu alipotukataza sukari, tulikuwa wazito wa uso nyumbani. Kila asubuhi mama watoto alituletea chai isiyo na sukari, nasi tukaisukuma kando tukimlaumu kuwa ni chungu kama shubiri.

Mwezi uliopita tulimzuru binti yetu aliyeolewa Nakuru. Alituandalia kikombe chenye rangi ya asali na harufu ya maua, bila ya sukari wala maziwa. Tulikinywa, tukaomba cha pili.

"Ni ulongi, baba, ya milima ya Nandi," alisema. "Niwie radhi, lakini mama hana kosa. Kosa ni la sufuria."

Chai nyingi ya Kenya, iwe ya Kericho au ya Olenguruone katika kaunti hiyo hiyo ya Nakuru, hukatwakatwa kwa mashine, ikaachwa hewani hadi igeuke rangi kabisa, ndipo ikakaushwa. Hutoa rangi upesi na kuyahimili maziwa. Ikichemshwa mno, huwa chungu. Ulongi, ambayo asili yake ni Uchina, jani lake halikatwi. Huanikwa linyauke, likatikiswa hadi kingo zichubuke, likaachwa ligeuke kwa kiasi tu, kisha likapashwa moto na kuviringwa. Na huko milimani, penye ukungu na usiku wa baridi, jani hukua polepole na utamu wake hukua nalo.

Kuipika ni kazi ya subira. Weka kijiko kimoja cha majani katika birika dogo. Chemsha maji peke yake, uyaepue, yatulie kidogo, ndipo uyamimine juu ya majani. Funika kwa dakika 2 au 3, kisha umimine chai yote, isibaki ndani ikachacha. Majani usiyatupe: yatie maji tena, hata mara ya tatu. Hivyo tutajiepusha na israfu.

Jioni ile tulimpigia simu mama watoto, tukamwomba radhi. Enyi waume wenzetu, chakula kisipotupendeza, tunyamaze kabla ya kulaumu, kwani hiyo ndiyo suna ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Kauli yetu huenda ikawa chungu kuliko kikombe.

Wabillahi tawfiq.