Nani Kasema Theluji Si Yetu?

Muhula uliopita mwalimu wangu alitazama mandhari yangu ya gemu kwa sekunde kama kumi hivi, akauliza, "Hii ni wapi? Mbona hujatuwekea Afrika?" Nilikuwa nimechora theluji. Wenzangu wakacheka. Alama zikakatwa. Nikabeba laptopu yangu nikarudi Roysambu na hasira ambayo haijaisha hadi leo.

Kazi ya muhula ilikuwa mandhari moja, mada huru. Huru, ati! Ukiweka mgunga, twiga na jua jekundu linalozama, unapongezwa kwa kuchora kwenu. Ukiweka theluji, umeiga Wazungu.

Niseme ukweli: mara ya kwanza nilikuwa nimeiga kweli. Misonobari, kibanda cha mbao, dirisha lenye mwanga wa njano, vyote nimevipakua bure mtandaoni. Ilikuwa Norway tupu, na mimi Norway sijawahi kufika. Nikafuta kila kitu. Nikaanza upya, na safari hii nikaenda Kirinyaga.

Hapo ndipo nilipojua kazi. Theluji ya Norway ina jua la chini na vivuli virefu vya samawati. Sisi tuko ikweta: adhuhuri jua liko utosini, kivuli kinajikunja chini ya jiwe. Mwanga wote nikaupanga upya. Halafu theluji yenyewe si rangi nyeupe tu. Mwanga huingia ndani yake kidogo kabla ya kutoka, na usipolishughulikia hilo, unapata mlima uliopakwa chokaa. Senekio nilizitafuta za bure nikakosa, nikaziunda mwenyewe jani kwa jani, pamoja na yale majani makavu ambayo mti hauyadondoshi bali huyavaa kama koti, kwa sababu huko juu usiku ni wa kuganda. Lobelia nazo hukunja majani jioni kulinda kichipukizi. Sasa niambieni, hiyo ni Ulaya gani?

Mwalimu hakuuliza. Aliona weupe, akafunga kesi.

Na kesi yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1848 mmishonari Johannes Rebmann aliripoti theluji juu ya Kilimanjaro. Mwaka uliofuata mwenzake Krapf, akiwa Ukambani, akauona Mlima Kenya. Huko London, msomi wa jiografia aliyeitwa Cooley, ambaye hakuwa amekanyaga huku, akapinga: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Wachaga walioishi chini ya mlima huo hakuna aliyewauliza. Aliyemwongoza Rebmann aliuita ule weupe "baridi" tu, yakaisha. Cooley namwelewa, alikuwa mbali. Nisichoelewa ni jinsi alivyofika darasani Nairobi akiongea Kiswahili kama changu.

Jamani, nchi hii nzima imepewa jina la mlima wenye theluji! Tazama nembo ya taifa: wale simba wamesimama juu ya mlima huo.

Najua jibu lenu. Mtasema tumechoka na vya kuletwa, vijana wachore kwao. Nakubali kabisa. Lakini kwetu ni wapi? Kama kwetu ni kile tu ambacho mtalii hupiga picha akiwa ndani ya gari, basi bado tunachorewa na wengine, ila kalamu tumeshika sisi.

Na hatuna muda. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Mtoto wa dadangu anaweza kukua asiione. Siku hiyo wale wanaosema theluji si yetu watakuwa wamesema kweli, na tutakaobaki na ushahidi ni sisi tulioichora tukichekwa.

Kwa hivyo mandhari yangu siibadilishi, na twiga simpandishi mlimani kwa ajili ya alama. Mwalimu, karibu kwetu Roysambu. Asubuhi ya anga safi, mapema kabla ya mawingu, panda nami juu ya ploti tutazame upande wa Thika. Kisha uniulize tena ni wapi.